UZI: Kaveera iliyochomwa na jua hushika rangi kama ukindu. Je, inabeba nini kwenda ziwani?

Mwalimu wa Bombo (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Nimelelewa Bombo, hapa Uganda, na bibi yangu, Mnubi, msusi wa mikeka, vikapu na zile kawa za rangi za kufunikia chakula ambazo hazikosekani kwenye harusi zetu. Aliyekaa na msusi anajua kuwa nusu ya kazi ni kupika rangi. Sufuria kuukuu juu ya mafiga, maji yanatokota, kipakiti cha unga wa dukani kinamiminwa: zambarau, kijani, waridi kali. Chane za ukindu zinazamishwa, zinageuzwa kwa kijiti, zinaopolewa na kuanikwa. Maji yanayobaki humwagwa mtaroni nyuma ya nyumba, na mtoto wa kuyamwaga nilikuwa mimi.

Siku hizi nafundisha kemia sekondari, Kampala. Likizo iliyopita nilikwenda kumsalimia bibi, nikasimama kwenye mtaro uleule. Umejaa kaveera (wenzetu wa Kenya na Tanzania, ndiyo hiyo mifuko ya plastiki). Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na maji ya rangi yalikwisha kwenda na njia zake, lakini baadhi ya kaveera zilikuwa bado za zambarau. Niliokota mbili. Moja ilikuwa laini, ikasafika kwa maji matupu. Ya pili ilikuwa ya siku nyingi, imepauka, inakatika kama jani kavu. Niliisugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikauma. Zambarau haikutoka.

Plastiki ni ileile, rangi ni ileile, mtaro ni uleule. Kilichotofautiana ni jua. Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa, nimesoma, nimejaribu na wanafunzi wangu, na ninataka nilieleze hapa kwa Kiswahili kwa sababu wanaomwaga rangi na wanaovua samaki hawalipati mahali pengine kwa lugha wanayozungumza.

Tuanze na kaveera yenyewe. Ni polithini, mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni, basi. Haina chaji wala kishikio. Maji huteleza juu yake, na rangi iliyoyeyuka ndani ya maji huteleza nayo.

Rangi za ukindu nazo zina tabia yao. Nyingi ni za kundi ambalo wanakemia huliita rangi za besi: zikiyeyuka, ile sehemu yenye rangi hubaki na chaji chanya. Malakaiti kijani ni ya ukoo huo, methili violeti pia, rodamini B ile ya waridi, methilini bluu iliyotengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1876. Zimependwa na wasusi kwa sababu ukindu ni mmea, na ndani ya mmea mna lignini na asidi ambazo zikilowa huwa na chaji hasi. Chanya inaitafuta hasi. Rangi inajishika yenyewe, haihitaji dawa ya kuishikiza.

Sasa ingiza jua. Mionzi ya urujuanimno hukata ile minyororo ya polithini. Oksijeni ya hewani huingia kwenye mikato, na pale palipokuwa na kaboni na haidrojeni tupu huota vikundi vipya vyenye oksijeni, vikiwemo vya kaboksili. Kaboksili ndiyo asidi ileile inayopatikana kwenye mimea. Ikikaa kwenye maji yasiyo na asidi kali huachia haidrojeni yake na kubaki na chaji hasi.

Kwa maneno ya bibi yangu nilipomweleza: "Kumbe jua limeigeuza kaveera kuwa ukindu." Ndivyo hasa. Jua limeipa plastiki kile ambacho ukindu ulizaliwa nacho, na rangi haina njia ya kujua kwamba hiki ni chane na kile ni takataka.

Halafu jua halibadilishi uso tu, linavunjavunja. Kipande kikiwa chini ya milimita 5 ndipo kinaitwa maikroplastiki, neno lililoanza kuenea mwaka 2004 kutoka kwa watafiti wa Plymouth, Uingereza. Kuvunjika huko ndiko kunakonitia hofu zaidi, na hesabu yake ni ya darasa la saba. Chukua kibonge cha plastiki cha sentimita 1 kila upande. Uso wake wote ni sentimita za mraba 6. Kikate kuwa vibonge vya milimita 1: sasa ni 1,000, uso wote umefika sentimita za mraba 60. Endelea mpaka kila kibonge kiwe maikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), na uso wote ni mita za mraba 6, ukubwa wa mkeka mkubwa wa sebuleni, kutoka kwenye plastiki ileile inayokaa kwenye ncha ya kidole. Rangi hunata usoni. Uso ukiongezeka, nafasi za kunata zinaongezeka.

Nitaendelea, acha kwanza nisome maoni.

Fundi Mitumba

Mwalimu, asante, lakini kuna kitu hakijakaa sawa kwangu. Nyumbani tuna bakuli la plastiki, lilinunuliwa jipya kabisa, likawekwa mchuzi wa manjano siku ya kwanza na likageuka manjano mpaka leo. Jua halijawahi kuliona. Sasa hilo nalo limekuwa ukindu?

Mwalimu wa Bombo

Swali zuri sana ndugu yangu, na linanilazimisha kutenganisha mambo mawili ambayo niliyachanganya.

Kuna kunata usoni na kuna kuzama ndani. Rangi ya manjano, ile ya bizari, haipendi maji, inapenda mafuta. Bakuli la polipropilini nalo kwa maumbile yake liko karibu na mafuta kuliko maji. Kwa hiyo rangi ya bizari, ikisaidiwa na mafuta ya mchuzi na joto, huingia mwilini mwa plastiki na kuyeyuka humo. Hapo chaji hazihusiki. (Liweke bakuli hilo juani siku kadhaa, utaona manjano inafifia. Plastiki haijaiachia. Ni kwamba rangi ya bizari yenyewe huvunjwa na mwanga.)

Rangi za viwandani na za ukindu nyingi hupenda maji, ndiyo maana huyeyuka kirahisi hivyo sufuriani. Hizo haziingii ndani ya kaveera mpya. Zinahitaji uso uliobadilika.

Na si plastiki zote ni sawa. Polistirini, ile ya sahani nyeupe za chipsi zinazovunjika kwa kidole, ina pete za benzini mwilini mwake. Molekuli za rangi nazo zimejaa pete hizohizo. Pete bapa na pete bapa hulaliana kama sahani kabatini, kwa hiyo polistirini inaweza kushika rangi hata kabla jua halijaifanyia kazi. Nailoni ina vishikio vyake vya kuzaliwa, wewe fundi unajua nguo ya nailoni inavyopokea rangi. Nyuzi za nyavu nyingi za wavuvi ni nailoni. Na poliesta hupakwa rangi za aina nyingine kabisa, kiwandani, kwa joto la nyuzi 130 hivi chini ya shinikizo, ndipo rangi inapozama.

Fundi Mitumba

Nimekupata. Basi niongeze la kwangu. Hizo poliesta tunazoziuza, zikifuliwa zinatoa manyoya. Manyoya hayo yamekwishapakwa rangi tayari, hayahitaji kukutana nayo mtaroni.

Mwalimu wa Bombo

Umesema kweli na sikuwa nimeliweka. Hao watafiti wa Plymouth walipima mwaka 2016: mashine moja ya kufua ikibeba kilo 6 za nguo za akriliki inaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000. Sisi wengi tunafua kwa mikono, kwa hiyo tarakimu hiyo tusiihamishe hapa kama ilivyo. Lakini maji ya kufulia ya mitaa yetu mengi yanaishia kwenye mtaro uleule wa maji ya rangi.

Mvuvi wa Ggaba

Mimi naomba kuuliza kama mtu wa majini. Mnazungumza mitaro, mimi nakaa pale mitaro inapoishia. Maji ya Nakivubo yanatoka katikati ya jiji, yanapita kwenye mafunjo, yanaingia ghuba la Murchison. Sisi tunavua humo, na maji ya kunywa ya Kampala yanachotwa Ggaba, humohumo. Je, ni kweli plastiki hizi zimeonekana ziwani au ni maneno ya darasani?

Mwalimu wa Bombo

Zimeonekana, mzee wangu. Watafiti walinunua sangara na ngege (sato) sokoni Mwanza, wakapasua matumbo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alikuwa na plastiki tumboni. Walikuta polithini, walikuta poliesta. Upande wetu wa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipitisha wavu juu ya maji ya kaskazini mwa ziwa na kukuta chembe kila mahali walipopima, kuanzia 0.02 hadi 2.19 kwa kila mita ya ujazo ya maji, nyingi zikiwa polithini na polipropilini. Ni kaveera zetu, madumu yetu, magunia yetu na kamba zetu. Na wavu hukamata chembe kubwa tu, zile za maikroni chache hupenya matundu.

Ziwa letu ni maji baridi, na hilo nalo lina uzito katika habari hii. Baharini Mombasa au Dar, maji yamejaa sodiamu ya chumvi, nayo ina chaji chanya, kwa hiyo inagombania nafasi na rangi pale usoni pa plastiki. Ziwani sodiamu ni kidogo. Rangi za besi hazina mshindani mkubwa. Maji ya ziwa pia si ya asidi, mara nyingi yako katikati au yameelemea upande wa besi, na hapo kaboksili za plastiki kuukuu zinakuwa zimeachia haidrojeni na ziko tayari kushika.

Sasa kipande hicho kikimezwa na ngege. Hapa Uganda ndipo ilipojulikana kwa kina jinsi tumbo la ngege linavyofanya kazi, kwa utafiti wa Ziwa George uliochapishwa mwaka 1973: ngege hutoa asidi kali sana tumboni, pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imekuwa kali) inashuka chini ya 2, ndiyo maana anaweza kuyeyusha ule mwani wa bluu-kijani ambao samaki wengi hawauwezi. Wanakemia mlio humu mmeshaona ninakoelekea. Kwenye asidi kali namna hiyo kaboksili hurudishiwa haidrojeni yake, chaji hasi inapotea, na rangi iliyoshikwa kwa chaji hiyo inakosa cha kushikilia. Mbele kidogo, utumboni, kuna nyongo, nayo hufanya kazi kama sabuni. Kwa vichafuzi vingine, ikiwemo DDT ile ya kuulia wadudu, maabara imeonyesha kuwa majimaji kama ya tumboni yakiwa na joto yanaweza kuvibandua kwenye plastiki kwa kasi hadi mara 30 kuliko maji ya bahari peke yake.

Mputa (sangara) na ngege tunawapasua na kutupa matumbo. Mukene hatuwapasui. Dagaa hao tunawaanika, tunawasaga, tunawatia kwenye uji wa watoto, na matumbo yao humohumo.

Mvuvi wa Ggaba

Hilo la mukene limenikaa moyoni. Watoto wangu wote wamekua kwa uji huo.

Mwalimu wa Bombo

Mzee wangu, usiache kuwapa mukene. Nasema kwa dhati. Protini na madini yaliyomo mtoto anayahitaji leo, na hakuna aliyepima na kuonyesha kwamba uji huo una rangi ya kudhuru. Nimeeleza njia ambayo kitu kinaweza kupita. Njia kuwepo na mzigo mkubwa kupita humo ni mambo mawili. Ninachotaka ni tuzibe huku juu, mtaroni, ili wewe huko chini usilazimike kuchagua.

Nesi Zuhura

Naomba nichangie. Hizi rangi mnazoziita sumu, nyingine ni dawa. GV (jenshani violeti), ile ya zambarau, tunapaka vidonda na midomo ya watoto wenye utando. Methilini bluu tunaichoma kwenye mshipa mgonjwa ambaye damu yake imeshindwa kubeba oksijeni, na inaokoa. Tusiwatishe watu na majina.

Mwalimu wa Bombo

Dada Zuhura, asante kwa kuniweka sawa. Methilini bluu ilijaribiwa hata kwa malaria, mwaka 1891, kabla babu zetu hawajaijua klorokwini. Dawa ina dozi, ina mgonjwa na ina mwisho wa matibabu. Samaki hakuandikiwa. Malakaiti kijani ilitumika miaka mingi kwenye mabwawa ya samaki kuua ukungu, na ikapigwa marufuku Ulaya na Marekani kwa samaki wa kuliwa kwa sababu mwili wa samaki huigeuza kuwa kitu kisicho na rangi kinachokaa kwenye mafuta yake muda mrefu. Unaweza kula samaki mweupe kabisa na mabaki yamo. GV nayo, panya waliolishwa kwa muda mrefu walipata uvimbe wa saratani. Sisemi mtoto aliyepakwa mdomoni siku tano yuko hatarini hivyo, nasema hatuna sababu ya kuiweka kwenye maji ya kila mtu.

Na kuna rangi za azo, ambazo ndizo nyingi kuliko zote katika viwanda vya nguo. Hizo zikifika kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria huzikata katikati, na vipande vinavyopatikana kutoka kwa baadhi yake ni amini zinazosababisha saratani. Rangi inapotea machoni na watu wanadhani maji yamejisafisha.

Kwa kuwa umetaja GV, acha niwaeleze jaribio letu, maana tulilifanya kwa GV ya duka la dawa. Tone moja la GV ya asilimia 1 ndani ya nusu lita ya maji hutoa karibu miligramu 1 kwa lita, na jicho linaiona vizuri. Tuliandaa chupa tatu za kioo. Ya kwanza haikutiwa plastiki, kwa sababu GV hunata kidogo hata kwenye kioo na lazima ujue kioo kimechukua kiasi gani. Ya pili vipande vya kaveera mpya. Ya tatu vipande vya kaveera kuukuu ya mtaroni, iliyooshwa kwa burashi. Kesho yake chupa ya kwanza na ya pili zilikuwa karibu sawa. Ya tatu maji yalikuwa yamepauka waziwazi na vipande vimekuwa zambarau.

Nilifurahi mno, kisha msichana mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, tutajuaje ni plastiki iliyoshika, si uchafu uliogandia juu yake?"

Alikuwa na haki. Plastiki ikikaa majini huvaa utando wa bakteria na tope, na utando huo nao hushika rangi, pengine kuliko plastiki yenyewe. Tukarudi mwanzo. Tulianika kaveera mpya, safi, juu ya mabati ya darasa muhula mzima, haijagusa mtaro. Ilipotoka huko ilikuwa inakatika. Tukairudisha kwenye chupa. Ilishika zambarau, si kwa wingi kama ile ya mtaroni, lakini zaidi sana kuliko mpya iliyofichwa kabatini. Kwa hiyo vyote viwili vimo: jua linaanza kazi, utando unaongeza.

Kijana wa Jinja

Mwalimu, nipo chuo, nasoma sayansi ya maji. Mlipima kwa spektrofotomita, ile mashine ya kupima rangi kwa mwanga, au kwa macho?

Mwalimu wa Bombo

Kwa macho, kijana wangu, shule yetu haina. Wewe ukiwa nayo, tumia methilini bluu, soma kwenye nanomita 664, chora mstari wako wa viwango kwanza. Chukua sampuli kila baada ya dakika chache mwanzoni, kwa sababu kunata ni kwa haraka saa za kwanza kisha kunakuwa kwa polepole. Utakutana na jina la Langmuir, Mmarekani aliyepata Nobeli mwaka 1932 kwa kazi yake juu ya nyuso. Wazo lake wakazi wa Kampala tunalijua kila asubuhi pale kituo cha taksi: viti ni 14. Abiria wa kwanza wanapata viti mara moja, wa mwisho wanazunguka wakitafuta, na gari likijaa, hata stendi ikifurika watu, walio ndani hawazidi. Ndiyo maana ukiongeza rangi majini kiasi cha kupakiwa kinapanda, kisha kinafika dari. Nyuso zenye viti vya namna mbalimbali, vingine vizuri vingine vibovu, hufuata mchoro mwingine, wa Freundlich. Plastiki iliyopigwa na jua mara nyingi ina mchanganyiko, hivyo jaribu yote miwili. Na badilisha pH. Hapo ndipo utajionea zile chaji zikija na kuondoka.

Mkulima wa Luweero

Wazo langu linaweza kuwa la kijinga lakini naliweka. Kama plastiki hushika rangi, kwa nini tusikusanye hizo kaveera kuukuu tuzitumie kusafishia maji ya rangi?

Mwalimu wa Bombo

Si la kijinga hata kidogo ndugu, wapo wanaolifanyia kazi maabara kwa plastiki zilizobadilishwa kwa kemikali. Lakini kaveera kama ilivyo ni kibebeo dhaifu. Viti vyake ni vichache. Mkaa ulioamilishwa una uso wa mita za mraba 500 mpaka 1,500 katika gramu moja, plastiki iliyovunjika kawaida hata 10 haifiki.

Hapa lazima niwe mkweli pia juu ya uzi wangu. Ukipima rangi yote iliyoingia ziwani, sehemu inayopanda kwenye plastiki ni ndogo. Tope linachukua nyingi zaidi, majani yanayooza yanachukua, mizizi ya mafunjo inachukua, na hiyo ndiyo mojawapo ya sababu inaniuma nikiona mafunjo ya Nakivubo yakifyekwa kupandwa mayuni (magimbi). Tofauti ya plastiki haiko kwenye wingi wa mzigo. Tope huzama na kutulia. Majani huoza. Plastiki kama kaveera huelea, haiozi, hupelekwa na upepo mbali na mtaro ulikotoka, na samaki huidhania chakula.

Sheria yetu ya mazingira ya 2019 inapima kaveera kwa unene, maikroni 30. Chini ya hapo marufuku. Sawa, nyembamba huraruka na kupeperuka haraka. Lakini nene nayo jua litaifikia. Na maji ya rangi yanashughulikiwa mahali pengine, kwa kanuni nyingine za majitaka, kana kwamba vitu hivi viwili havitakutana kamwe. Vinakutana kila mvua inaponyesha.

Wewe mkulima unacho kilicho bora kuliko kaveera: maganda ya kahawa. Maganda ya matoke pia. Ni mmea, yana zile asidi za ukindu, hushika rangi za besi vizuri, na watafiti wa nchi nyingi wamekwisha kuyapima kwa methilini bluu. Luweero yanatupwa marundo.

Mkulima wa Luweero

Yanatupwa kweli. Yapo nyuma ya kinu, njoo na gunia.

Nesi Zuhura

Na wanaochemsha maji ya kunywa, tuwaambie nini?

Mwalimu wa Bombo

Wachemshe, dada, wasiache, vijidudu ndivyo vinavyoua watoto wetu haraka. Ila kuchemsha hakuondoi rangi iliyoyeyuka, na wasidhani hivyo.

Mwalimu wa Bombo

Wakuu, narudi na habari. Nilikwenda Luweero, ndugu mkulima alinipa magunia mawili na chai juu. Nikapitia Bombo. Bibi, pamoja na shangazi zangu wawili, walikubali tujaribu. Tulitoboa ndoo kuukuu ya lita 20 chini, tukatandika changarawe, juu yake maganda ya kahawa yaliyooshwa mara kadhaa mpaka maji yake ya kahawia yakaisha, kisha mchanga kidogo. Maji ya sufuria yanaachwa yapoe, yanamiminwa polepole kwa kata. Bibi mwenyewe alitoa jambo ambalo sikulifikiria: kabla ya kumwaga chochote, azamishe kwanza chane mbovu, zile fupi zisizosukika, zinyonye kilichobaki. Anasema mama yake alifanya hivyo enzi rangi zilipokuwa ghali, na chane hizo zikawa za watoto kujifunzia kusuka. Sufuria ilipofika kwenye ndoo tayari ilikuwa nyepesi.

Zambarau ilitoka chini ya ndoo ikiwa kama maji ya kuoshea mchele. Kijani vilevile. Waridi ilichelewa, tukaimimina mara ya pili ikapungua sana. Maganda yaliyochoka tumekubaliana yasiende mtaroni wala shambani. Yanakaushwa na kufukiwa kwenye shimo la upande wa juu, mbali na kisima.

Nyekundu ilipita. Ilitoka chini nyekundu kama ilivyoingia juu, na shangazi mdogo akaniangalia kama mtu aliyedanganywa. Nadhani unga huo si wa besi, ni wa ukoo wenye chaji hasi, na maganda yenye chaji hasi yanaufukuza. Kwenye ukindu wenyewe nyekundu hiyo huwa inachuja, bibi amekuwa akiilalamikia miaka mingi, na sasa sote wawili tunadhani tumejua kwa nini. Maji hayo ya nyekundu yamehifadhiwa kwenye dumu, kivulini, limefungwa. Jumamosi napeleka mkaa uliosagwa tujaribu tena.

Mvuvi wa Ggaba

Mwalimu, Jumamosi nipitie hapa Ggaba kwanza. Kuna kina mama watatu wanapaka rangi ukindu karibu na gati letu, nimeshawaeleza habari ya ndoo.